Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kireno au Kijerumani? Pima kwanza vijineno vinavyodandia

Siku niliyogundua kwamba Kifaransa changu ni cha daftarini tu, nilikuwa dukani Bujumbura natafuta betri za redio. Nilikuwa nimekisoma miaka miwili, vitenzi navighani kama kaswida. Nikamuuliza muuzaji kwa sentensi iliyonyooka kabisa. Akatazama rafuni, akatikisa kichwa, akajibu neno moja: "Yanapa."

Nikaduwaa. Masikioni mwangu kile kilikuwa Kiswahili. Yanapa nini? Yanampa nani? Akarudia, akauona uso wangu, akanihurumia: "Hazipo, kaka."

Jioni mwenyeji wangu akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: il n'y en a pas. Vipande sita. Midomoni mwa watu il huachwa, ne huachwa, y huteleza ikaingia kwenye en, en yenyewe ikapita puani na kujibandika kwenye a, kisha pas, ambayo s yake haitamkwi. Kinachobaki ni hicho nilichokisikia. Katika vipande hivyo sita hapakuwa na hata kimoja nisichokijua. Nilichokuwa sikijui ni jinsi vinavyobebana.

Tangu hapo, kijana akiniuliza ajifunze lugha gani ya Ulaya, simwanzishii habari za msamiati. Msamiati huokotwa njiani. Namuuliza anakwenda wapi, halafu namweleza vijineno vya lugha hiyo vinadandia wapi: mbele ya kitenzi au nyuma yake, vinaonekana kwenye maandishi au vinasikika tu, vinayeyuka kwa kanuni moja au kwa kanuni yenye visingizio kumi. Hapo ndipo wengi wetu huchoka wakaacha darasa.

Na hatuendi huko mikono mitupu. Sisi husema naye, nami, nasi, na hatufikirii tena kwamba ni na yeye, na mimi, na sisi. Husema mkewe, mwenzio, mwanangu. Mtu wa pwani atakuuliza "wendapi?" na "wasemaje?", akiwa amebandika swali mkiani mwa kitenzi. Mitaani tunasema "nshafika" na "ndo hivyo". Washairi wetu wana jina kabisa la kufupisha neno ili mizani itimie: inkisari. Tena kila tunaposema nitakupa, lile ku la katikati ni "wewe" uliyedandia kitenzi kama konda mlangoni mwa daladala. Mwingereza anayejifunza Kifaransa hana kitu kama hicho cha kuegemea.

Kitu kimoja tu kinaweza kutupotosha mapema: ritifaa. Kwetu ile ya ng'ombe na ng'ambo haimaanishi kwamba kuna herufi imeanguka. Inabadilisha sauti tu. Ulaya mara nyingi ritifaa ni pengo la jino. Palikuwa na herufi, imeng'oka.

Sasa tuzilinganishe kwa sentensi moja. Tuseme kuna kitabu, na kuna kaka mmoja anakingoja. Kiswahili: Nitampa kesho.

Kihispania: Se lo daré mañana.
Kiitaliano: Glielo darò domani.
Kifaransa: Je le lui donnerai demain.
Kireno cha Ureno: Dar-lho-ei amanhã.
Kijerumani: Ich gebe es ihm morgen.
Kiingereza: I'll give it to him tomorrow.

Ukiitazama sentensi yetu utaona hatukukitaja kitabu. Hatuwezi kusema "nitakimpa". Kitenzi cha Kiswahili kina kiti kimoja tu cha anayetendwa au kinachotendwa. Akikaa mtu, kitu kinasimama nje. Lugha nne za mwanzo kwenye orodha zina viti viwili, mtu na kitu wanapanda pamoja. Kwa hiyo mzigo wa kwanza wa msemaji wa Kiswahili ni kukumbuka kukitaja kile kitabu. Ukisema kwa Kiitaliano "gli darò domani" utaulizwa utampa nini. Mnyarwanda na Mhaya hawapati shida hii. Mnyarwanda husema yakimuhaye, yaani kitabu na mpewaji wote wawili ndani ya kitenzi kimoja, wala hatoki jasho. Ukitoka Kigali au Bukoba, soma yanayofuata kwa tabasamu.

Nianze na Kihispania kwa sababu ndicho chepesi kuliko vyote, na sioni haja ya kuwaficha watu. Maneno yanayolazimika kuyeyuka kwa maandishi ni mawili tu: a el huwa al, de el huwa del. Basi. Ritifaa hakuna kabisa katika uandishi wa kawaida wa leo. El yenye alama juu, él, ambayo ni "yeye", haiyeyuki: unaandika de él. Na kama El ni sehemu ya jina la mahali, kwa maandishi haiguswi: de El Salvador. Kuna na conmigo, "nami", ambayo historia yake hunichekesha. Kilatini kilisema mecum, na lile cum la mkiani ndilo "na" lenyewe. Karne zikapita, watu wakasahau kwamba "na" imo tayari, wakaongeza nyingine mbele. Conmigo ni "na-mimi-na".

Mtego wa Kihispania ni se. Ulitarajia le lo, "kwake hicho". Lugha haitaki hizo l mbili zikae jirani, basi le hugeuka se. Matokeo yake se lo daré inaweza kuwa nitampa hicho yeye, wao, wewe unayeheshimiwa, au ninyi nyote. Mazungumzo yenyewe ndiyo yatakuambia ni nani.

Na kuna kosa letu sisi, ambalo kitabu cha Madrid hakitakuonya kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili yetu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo unasogea nalo: nípe, nipéni. Kihispania hakisogezi. Da ni "toa", dame ni "nipe", dámelo ni "nipe hicho", na mkazo umeganda pale pale kwenye da. Ile alama juu ya á imewekwa makusudi ili kukuzuia. Sisi hutamka "damélo", na Mhispania anakutazama kama aliyesikia redio ikikwaruza. Kiitaliano nacho kina tabia hiyo hiyo, tena hakikuwekei alama yoyote.

Kiitaliano huwatisha watu kwa jedwali lake. Vihusishi vitano (a, da, di, in, su) vinakutana na vibainishi saba, vijineno vya mbele ya nomino kama the ya Kiingereza (il, lo, la, l', i, gli, le), na kuzaa maumbo 35: al, allo, alla, all', ai, agli, alle, kisha dal na ndugu zake, kisha del, kisha nel, kisha sul. Mwalimu akikupa jedwali hilo siku ya kwanza unaweza kurudi nyumbani usirudi tena. Lakini litazame vizuri: ukijua safu moja unazijua zote. Kanuni yenye kuhitaji akili ni moja, kwamba neno la kiume likianza na z, au s yenye konsonanti nyuma yake, au gn, au ps, kibainishi ni lo badala ya il. Ndiyo maana ni allo stadio, uwanjani, na nello zaino, ndani ya begi la mgongoni. Vijana wa ufukweni Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamekuwa wakija kwa miongo, hawakuliona jedwali hilo maishani, na wanayasema maumbo hayo bila kugugumia. Sikio liliwafundisha.

Kigumu kwetu ni herufi mbili-mbili. Da', "toa", ikikutana na mi huzaa dammi, na ile m lazima ukae juu yake kidogo. Kiswahili sanifu hakina desturi hiyo ya kukalia konsonanti katikati ya neno, kwa hiyo tunasema "dami". Kwa Mwitaliano urefu wa konsonanti ni maana: nonno ni babu, nono ni wa tisa. Kijineno gli peke yake ndicho kisichorudufu: digli, "mwambie".

Kinachonifanya nikipende Kiitaliano ni kwamba pale vijineno vinaposhikana, vinarahisisha mambo badala ya kuyafunga. Peke yake, "kwake" ina jinsi: gli kwa mwanamume, le kwa mwanamke. Ikidandiwa na lo, wote huwa glielo. Jinsi imepotea, kama ilivyo kwenye m ya nitampa. Halafu kuna vattene. Va ni "nenda", te ni "wewe", ne ni "kutoka hapo". Kitabu cha sarufi kitakuandikia nusu ukurasa juu ya ne hiyo. Mimi huwaambia wanafunzi: nenda zako. Me ne vado ni naondoka zangu. Lile zangu, zako, zake tunalolibandika baada ya kitenzi cha kuondoka, ambalo mgeni hutuuliza "zangu zipi?" tukakosa jibu, ndilo shoga yake ne. Mfaransa naye ana va-t'en, Mhispania ana vete. Darasa zima huelewa ndani ya dakika moja.

Ritifaa ya Kiitaliano ina vichekesho vyake. Un'amica, rafiki wa kike, ina ritifaa kwa sababu una imepoteza a. Un amico, rafiki wa kiume, haina, maana un ilikuwa imekamilika tangu zamani. Na qual è, "ni ipi", haiandikwi na ritifaa, ingawa Waitaliano wenyewe, hata wasomi, huitia. Ukiiandika sawa utaheshimiwa kuliko unavyostahili.

Kifaransa ni kinyume cha Kihispania. Karibu kila kijineno chenye irabu dhaifu mwishoni huimeza irabu hiyo kikikutana na irabu nyingine: je, me, te, se, le, la, ne, de, que, ce. Si hiari. Huwezi kusema je ai; ni j'ai. Hapo ni rahisi, mpaka ufike kwenye h. H haitamkwi, lakini kuna h za aina mbili: inayoruhusu kumeza na isiyoruhusu. Mtu ni l'homme. Shujaa ni le héros, haimezwi. Shujaa wa kike ni l'héroïne, inamezwa. Usitafute mantiki, kariri. Si, "kama", humeza mbele ya il na ils tu: s'il, s'ils, lakini si elle.

Kuyeyuka kwa vihusishi ni maumbo manne ya msingi: à le huwa au, à les huwa aux, de le huwa du, de les huwa des. Sisi tunayahitaji kila siku kwa ajili ya kutaja kwetu. Anayetoka Kenya anasema je viens du Kenya, kwa sababu Kenya ni ya kiume. Mtanzania ni de Tanzanie. Mganda ni d'Ouganda. Mrundi du Burundi, Mkomoro des Comores. Hata majina ya miji hayasalimiki: Le Havre huwa au Havre, na Cairo, Le Caire, huwa au Caire. Lakini angalia, kuyeyuka huko ni kwa kibainishi tu. Le ikiwa ni "yeye" au "hicho", inakaa kando: je viens de le voir, nimetoka kumwona sasa hivi. Ukisema du voir umeharibu. Mimi nililiharibu hilo mbele ya jopo la mtihani wa mdomo, mara tatu ndani ya dakika kumi, na mtahini mmoja alikuwa akifumba macho kila mara kama anayepakwa iodini.

Faida ya Kifaransa kwetu ni mpangilio. Je t'aime imekaa hasa kama ninakupenda: ni, ku, penda. Kijineno kipo kati ya mtenda na kitendo, pale pale tulipozoea. Hasara ni kwamba mpangilio huo hubadilika kitenzi kikiwa amri. Donne-le-moi, nipe hicho: vijineno vimehamia nyuma. Ukikataza, vinarudi mbele, tena kwa zamu nyingine: ne me le donne pas. Kiswahili hakihamishi kitu. Nipe, usinipe, ni imekaa mbele ya pa siku zote. Na katika sentensi isiyo amri, zamu ya vijineno hutegemea nani ni nani: il me le donne, mtu kwanza kisha kitu; je le lui donne, kitu kwanza kisha mtu. Waalimu huchora hii kwenye ubao kama kikosi cha mpira. Namba za jezi hukaririwa, hazielezwi.

Lakini yote hayo ni ya maandishi, na maandishi unaweza kuyapa muda. Shida ya Kifaransa ni sikio. Tu as huwa t'as, il y a huwa ya, je ne sais pas hufika kwako ikiwa "shepa". Kama unakwenda Bujumbura, Moroni au Kongo huna haja ya kusita, kijifunze. Soko na ofisi vitakusaidia, na mara nyingine wenyeji watakuhamia Kiswahili ukikwama, kama walivyonihamia mimi. Kama huna sababu hiyo, ujue unachagua lugha ambayo nusu yake haisikiki.

Nimekiweka Kireno hapa katikati ya mkeka kwa sababu ndicho kinachosahaulika, na ndicho jirani. Ukivuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, serikali, shule na forodha za upande wa pili zinasema Kireno. Tena tumekwisha kula naye meza moja: meza, leso, bendera na gereza vimetoka huko, gereza ilikuwa igreja, kanisa, na sijui nani alianza kulichungulia jengo hilo akaona jela.

Kuyeyuka kwa Kireno kuna uroho. Kihispania kiliridhika na al na del. Kireno kinayeyusha kila kinachokaribia. De ikikutana na o huwa do, na a huwa da. Em huwa no na na. A huwa ao, na ikikutana na a ya kike huwa à, alama imeelekea nyuma. Por huwa pelo na pela. Haikutosheka hapo: em um huwa num, de ele huwa dele, em este huwa neste, de aquele huwa daquele, de aqui huwa daqui. Na ritifaa hamna. Ni kama naye na ndiye zetu: limeyeyuka, limekuwa neno, yamekwisha. Ukiwa nchini mwao utasema em Moçambique, no Quénia, na Tanzânia. Msumbiji haina kibainishi, Kenya ni mwanamume, Tanzania ni mwanamke.

Sasa irudie ile sentensi yetu, dar-lho-ei. Iache lho kwanza, tuchukue iliyo rahisi zaidi: dar-te-ei, nitakupa. Dar ni pa. Te ni ku. Ei ni nita, mtenda na wakati ujao pamoja. Iandike chini ya yetu:

ni-ta-ku-pa
dar-te-ei

Ni nitakupa iliyotazamwa kwenye kioo. Pa, ku, nita. Kijineno kimeingia katikati ya kitenzi, kimekipasua mbili, kikaketi. Hakuna lugha nyingine niliyoipanga hapo juu inayofanya hivyo. Sababu yake ni kwamba wakati ujao wa Kireno ulikuwa maneno mawili, kitenzi kisha "ninacho", yaani ninacho cha kutoa. Walipoungana, mlango wa katikati haukufungwa kabisa. Ta yetu nayo wataalamu huihusisha na kitenzi taka. Huku na huku, kesho ilitengenezwa kwa kitenzi cha jana kilichochakaa.

Lho ni lhe na o zimeshikana, "kwake hicho". Nikuambie ukweli ili usije ukanilaumu: dar-lho-ei utaisoma kwenye barua na kuisikia kwa wasemaji rasmi. Mezani watu husema vou dar-lhe, au wanatumia wakati uliopo. Na Brazil wamelikimbia jambo hili lote. Ureno husema amo-te, kijineno nyuma. Brazil husema te amo, kijineno mbele, kama sisi. Msumbiji shule hufuata kawaida ya Ureno. Kwa hiyo mwenye kwenda Pemba au Maputo akijifunza kwa video za Brazil atasoma upande mmoja na kujibiwa upande mwingine. Kwa masikio, Brazil ni rahisi, irabu zimefunguka; Lisbon wanazitafuna. Yupo pia kijineno kinachojibadilisha: comprar na o huwa comprá-lo, r imeondoka na o imevaa l. Fazem na o huwa fazem-no. Yanatisha kwenye karatasi, yanazoeleka kinywani.

Kijerumani sitakaa nacho sana. Vijineno vyake havidandii kitenzi kwa maana tuliyokuwa tukiizungumza. Es na ihm ni maneno yanayojitegemea, japo mtaani gebe es huwa geb's na geht es huwa geht's. Kuyeyuka kuko kwenye vihusishi: im, am, zum, zur, beim, vom, ins, ans. Machache, hayana ritifaa, yanakaririwa kwa siku mbili. Uzito uko nyuma yake, kwa sababu kila umbo limeficha jinsi ya nomino na hali yake. Im Haus ni kuwa ndani ya nyumba, ins Haus ni kuingia. Sisi tunasema nyumbani kwa yote mawili, kitenzi ndicho kinachotofautisha.

Ila kuna moja linalonipendeza. Zur Schule na zu der Schule, ukizitafsiri kwa kamusi ni kitu kimoja. Mjerumani hatazichanganya. Zur Schule ni shuleni, mahali mtoto anapokwenda asubuhi. Zu der Schule, bila kuyeyusha, ni kwenye ile shule, ile tuliyokuwa tukiitaja. Tofauti ya shuleni na kwenye ile shule unayo tangu utotoni, na neno shule lenyewe tulilipata kwa Wajerumani. Wauguzi wanaojiandaa kwenda kufanya kazi huko hulielewa hili haraka kuliko wanavyoelewa der, die, das. Mwaka 2024 baraza lao la tahajia lilieleza wazi kwamba ritifaa ya umiliki kwenye majina ya maduka inakubalika, kama Eva's, na wapo waliokasirika kana kwamba wameibiwa. Wanaona ni Kiingereza kimewaingilia sebuleni.

Kiingereza chenyewe unacho tayari, kwa hiyo sikihesabu kama uchaguzi. Niseme tu kwamba ufupisho wake ndio mbovu zaidi kwa utaratibu kuliko tuliouona. 's inaweza kuwa is, has, au umiliki. 'd inaweza kuwa had au would. Won't haifanani na will kwa sababu ilitokana na umbo la zamani lenye o. Its ya umiliki haina ritifaa na it's inayo, na walimu wao wenyewe wamechoka kulisahihisha. Na kosa letu: mtu akiulizwa kama yuko tayari, hujibu "Yes, I'm." Hapana. Ufupisho wa namna hiyo hauwezi kukaa mwishoni bila cha kuegemea. Konda hawezi kuning'inia gari likiwa halipo.

Kuna lugha nyingine ambazo hakuna atakayekushauri uzisome, na ni hasara. Kiairishi husema liom, leat, leis, linn, leo: nami, nawe, naye, nasi, nao, kihusishi kimemezwa na mtu, hasa kama chetu. Tena "nina kitabu" kwao ni tá leabhar agam, kitabu kiko kwangu. Hawana kitenzi cha kumiliki, nasi hatuna, tunasema ni-na, niko na. Kicheki na Kiserbia hupanga vijineno vyao katika nafasi ya pili ya sentensi, bila kujali kitenzi kiko wapi, jambo ambalo mwanaisimu Jacob Wackernagel alilieleza mwaka 1892 kwa lugha za kale. Kiromania na Kiswidi hubandika kibainishi mkiani mwa nomino. Na zile herufi SPQR kwenye vifuniko vya mifereji ya Roma, yaani Senatus Populusque Romanus, Seneti na watu wa Roma, Q yake ni que, "na", iliyodandia mkiani mwa populus.

Kwa asiyekuwa na safari wala kazi inayomngoja, anayetaka lugha moja ya Ulaya kwa raha zake, mimi humpeleka Kihispania, na akiisha kuzoea viti viwili vya kitenzi humhamishia Kiitaliano, ambacho kwa wakati huo jedwali la 35 halimtishi tena. Mwenye Msumbiji kichwani aende Kireno moja kwa moja, asipitie Kihispania. Vitachanganyika kinywani, hasa no, ambayo kwa Mhispania ni "hapana" na kwa Mreno ni "ndani ya". Anayelenga hospitali za Ujerumani hana cha kuchagua, na kwa upande wa vijineno amepata nafuu, ila jinsi zitamtoa machozi.

Anayesita kuhusu Kifaransa nina mtihani wake. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, hutoa taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi na maandishi yake. Sikiliza dakika moja, andika ulichosikia, ndipo ufungue maandishi. Usihesabu maneno magumu uliyoyakosa. Hesabu y, en, le, lui na l' ulizozikosa tu. Deutsche Welle wana habari zinazosomwa polepole kwa Kijerumani. Fanya hivyo hivyo kwa im, ins, zum na zur. Rudia wiki ya pili. Kama kwa Kifaransa hesabu imeshuka hata kwa vijineno viwili, lipia darasa.